Chupa ya Watoto Wawili

Mapema 2011 chanjo mpya ilianza kuingia kwenye friji za kliniki za watoto nchini Kenya. Rais Mwai Kibaki aliizindua Nairobi tarehe 14 Februari. Ilikuwa kinga dhidi ya nyumokokasi, kijidudu kinacholeta nimonia kali na homa ya uti wa mgongo, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo barani Afrika kuipata kwa msaada wa GAVI, ushirika wa kimataifa wa chanjo. Wazazi waliambiwa habari za nimonia. Wauguzi walifundishwa kwanza habari za kichupa.

Kilikuwa kichupa kidogo chenye dozi mbili, na dawa iliyokuwamo haikutiwa kihifadhi. Chanjo inayochotwa mara nyingi kutoka chupa moja kwa kawaida hutiwa kemikali kidogo ya kuua vijidudu, ili sindano ya mtoto wa kwanza ikiingiza uchafu, wa pili asidhurike. Chupa ya dozi moja haihitaji hilo, maana ikishafunguliwa huisha. Synflorix ya kampuni ya GlaxoSmithKline ilikaa katikati: watoto wawili, kihifadhi hakuna. Sababu ilikuwa nafasi. Chupa za dozi moja moja zingejaza friji na maboksi ya baridi ya nchi nzima, na chanjo hii ilikuwa inaongezwa juu ya nyingine zilizokuwa zimeshajaa humo.

Shirika la Afya Duniani liliikubali chupa hiyo kwa masharti. Wauguzi wafunzwe kabla ya chupa ya kwanza kufunguliwa, na nchi zitakazotangulia kuitumia zichunguzwe kama kanuni zinafuatwa. Kenya na Ethiopia ndizo zilizotangulia. Kanuni yenyewe ilikuwa fupi: ukishamdunga mtoto wa kwanza, chupa ina saa sita. Asipofika wa pili, dozi iliyobaki inatupwa.

Hilo ni jepesi kuliandika Geneva, kwenye makao ya shirika hilo. Muuguzi wa Kenya alikuwa amezoea chupa kama za polio, ambazo zikishafunguliwa zinaruhusiwa kurudishwa kwenye friji na kutumika hadi majuma manne, mradi zimetunzwa vizuri. Sasa kwenye trei hiyohiyo kuna chupa inayofanana nazo lakini haifai kulala. Mkono ukifuata mazoea, huenda mtoto wa kesho akachomwa dawa iliyoanza kuota vijidudu, na juma lijalo mama akarudi na paja lililovimba usaha.

Iweke sasa kanuni hiyo katika Kaunti ya Taita Taveta. Ni kaunti ya kilomita za mraba 17,084, zaidi ya nusu yake ni mbuga za Tsavo, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 340,671. Voi iko kwenye reli na barabara kuu, kama kilomita 150 kutoka Mombasa. Siku hizi chanjo za nchi nzima hutunzwa kwenye bohari kuu ya Kitengela, kisha hugawiwa bohari za kanda, na ya Pwani iko Mombasa. Maana yake, dawa ya mtoto wa Voi ikisafirishwa kwa barabara huupita mji wake ikienda Mombasa, halafu hurudi kumtafuta. Kutoka Voi hupanda Mwatate na Wundanyi, huelekea Taveta mpakani, hukata nyika kwenda Kasigau. Katika zahanati za pembezoni huenda mama mmoja tu akafika asubuhi nzima na mtoto wa majuma sita, naye ametoka mbali, kwenye njia ambayo ndovu nao huitumia. Dozi ya pili ya chupa yake ni ya nani, na huyo atakuwa salama?

Swali hilo ndilo lililofuatiliwa nchini Kenya kwa miaka miwili. Kabla ya kufika kwenye jibu, inafaa kuangalia jinsi ilivyotokea kwamba kuna mtu anayefuatilia kabisa, kwa sababu kwa sehemu kubwa ya historia ya chanjo hapakuwa na mtu huyo.

Ndui ndiyo iliyoanza. Serikali ya kikoloni ilipochanja watu katika Afrika Mashariki, ilihesabu mikono iliyochanjwa. Nani aliugua baada ya hapo lilikuwa jambo la ukoo wake. Na Wataita walikuwa na sababu za kuitazama serikali hiyo kwa jicho la pembeni. Mwaka 1915, wakati wa vita baina ya Waingereza na Wajerumani, watu wa Kasigau walishukiwa kuwasaidia Wajerumani. Walikusanywa wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi, ambako wengi walikufa, na waliosalia walikaa ugenini miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kurudi mlimani kwao. Mtu aliyehamishwa hivyo haulizwi kwa nini anasita mgeni mwenye kofia anapomtaka anyooshe mkono.

Chanjo ya ndui haikuwa laini. Iliacha kovu, na kati ya kila watu milioni waliochanjwa kwa mara ya kwanza, mmoja hivi alikufa kwa sababu yake. Maadamu ndui ilikuwapo, hesabu hiyo ilikubalika bila mjadala mrefu, kwani ndui yenyewe iliua hata watatu katika kila kumi. Uingereza iliacha kuwachanja watoto wote mwaka 1971 na Marekani 1972, baada ya madaktari kuona kwamba katika nchi zisizo na ndui chanjo ilikuwa inadhuru wengi kuliko ugonjwa. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida duniani alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca nchini Somalia, Oktoba 1977. Miaka miwili baadaye, tarehe 26 Oktoba 1979, mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Halfdan Mahler, alisimama Nairobi kutangaza kwamba Pembe ya Afrika imesalimika, nayo ndiyo ilikuwa ngome ya mwisho.

Huko Ulaya na Marekani mafunzo yalikuja kwa misiba. Lübeck, Ujerumani, mwaka 1930, watoto wachanga kama 250 walinyweshwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, iliyochanganyika maabara na vijidudu hai vya ugonjwa wenyewe. Zaidi ya 70 walikufa. Aprili 1955 kiwanda cha Cutter huko California kilitoa chanjo ya polio ambayo baadhi ya virusi vyake havikuuawa ipasavyo. Watoto walipooza, na wengine wakawaambukiza ndugu zao. Katika misiba yote miwili wazo la chanjo lilikuwa sahihi, na BCG na chanjo ya polio zimeokoa mamilioni tangu siku hizo. Kilichokosewa ni namna ya kuandaa.

Baada ya Cutter, Wamarekani walianza kuwahesabu waliopooza na kuuliza kila mmoja alichanjwa lini na kwa dawa ya kiwanda gani. Baada ya thalidomide, dawa ya kutuliza iliyozalisha watoto wasio na mikono wala miguu hadi ilipoondolewa mwishoni mwa 1961, nchi kadhaa zilikubaliana kupelekeana taarifa za madhara ya dawa. Mpango huo wa Shirika la Afya Duniani ulianza 1968, na tangu 1978 hazina yake iko Uppsala, Sweden.

Taita Taveta nayo ina sura yake katika habari za kuhesabu, ingawa si ya chanjo. Kuanzia 1954, watafiti wa taasisi ya malaria ya Amani, Tanganyika, walianza mradi wa kupulizia dieldrini, dawa ya kuua mbu, kwenye nyumba za Taveta na upande wa pili wa mpaka, Upare. Mbu walipungua sana, malaria ikashuka. Walichokifanya ambacho mimi nakithamini zaidi ni kuandika vizazi na vifo kabla ya kupulizia, wakati wa kupulizia, na baada ya kuacha mwaka 1959. Kwa hiyo waliweza kusema kwamba vifo vya watoto vilishuka, wakitaja vilikuwa vingapi mwanzo. Ukiwa huna hesabu ya mwanzo, kila kifo kinachofuata kinaweza kusingiziwa chochote kilichotangulia.

Kenya ilianza mpango wake wa taifa wa chanjo, KEPI, mwaka 1980. Chanjo zilikuwa za magonjwa sita ya watoto: kifua kikuu, polio, dondakoo, kifaduro, pepopunda na surua. Kina mama walijifunza haraka kuliko vitabu. Mama wa Voi leo anajua kwamba BCG hudungwa kwenye mkono wa kushoto, sehemu ya chini ya kiwiko, na kwamba baada ya majuma kadhaa pale patatoka kipele, kitapasuka, kitakauka chenyewe na kuacha alama. Bibi humwonya asikikamue wala asikipake kitu. Anajua kuwa pentavalenti, chanjo moja ya magonjwa matano iliyoanza Kenya mwishoni mwa 2001, huleta joto usiku wa kwanza na paja gumu. Ujuzi huo ni ufuatiliaji wa aina yake, na ni mzuri kwa mambo ya kila siku. Haufai kwa jambo linalomtokea mtoto mmoja kati ya elfu kumi, kwa sababu hakuna kijiji chenye watoto wachanga elfu kumi.

Kwa jambo la aina hiyo lazima taarifa za Sagalla, karibu na Voi, zikutane na za Turkana mezani pamoja. Kenya ilichelewa hapo. Bodi ya Dawa na Sumu ilizindua mfumo wa kitaifa wa kupokea taarifa za madhara ya dawa mwaka 2009, nchi ikajiunga rasmi na mpango wa Uppsala 2010, na kuanzia 2013 taarifa ziliweza kutumwa kwa mtandao. Chanjo ina fomu yake: jina la dawa, namba ya bechi, siku na saa ya kuchanjwa, saa dalili zilipoanza, mtoto yukoje sasa. Tukio likiwa zito, yaani mtoto kalazwa, kapata ulemavu au kafariki, uchunguzi unatakiwa kuanza ndani ya saa 48.

Kichupa cha dozi mbili kilikuja wakati mfumo huo una miaka miwili tu. Fomu zake peke yake zisingetosha. Ndipo yakatumika maeneo manne ya nchi ambako watafiti walikuwa tayari wanawaorodhesha wakazi kaya kwa kaya, ingawa Voi haikuwamo. Katika maeneo hayo walizaliwa watoto kama 11,500 kila mwaka. Wauguzi waliombwa kuandika, kwa kila sindano, kama ilikuwa dozi ya kwanza ya chupa au ya pili. Kisha walitafutwa watoto waliopata jipu pale walipodungwa ndani ya siku saba: kwenye vituo vya afya, na katika maeneo mawili kwa kuwafuata nyumbani na kuwauliza walezi.

Zilirekodiwa sindano 58,288. Kati ya waliopata dozi ya kwanza ya chupa, majipu yalikuwa 33 kwa kila sindano 100,000; kati ya waliopata ya pili, 41. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba haiwezi kutenganishwa na bahati tu. Hapakuonekana ushahidi kwamba mtoto wa pili aliwekwa hatarini kuliko wa kwanza.

Matokeo hayo yalitolewa 2015, na sikumbuki kuyaona yakijadiliwa kwenye redio. Naona ni hasara. Chanjo ikizua uvumi, habari inafika Taveta kabla ya jua kutua. Ikichunguzwa miaka miwili na kuonekana haina neno, habari inabaki kwenye jarida la wataalamu. Nimeshangaa pia jambo moja katika utafiti huo: sindano 14,532, robo nzima, hazikujulikana zilikuwa dozi ya ngapi ya chupa. Hayo ni maeneo yaliyosimamiwa na watafiti. Kituo chenye muuguzi mmoja anayezalisha, anayepima na kuchanja kitakuwa na mapengo makubwa zaidi, na hakuna haja ya kumlaumu.

Chanjo iliyofuata ilikuja na historia yake nzito zaidi. Julai 2014 Kenya ilianza kuwapa watoto matone ya Rotarix dhidi ya rotavirusi, inayoleta kuhara kukali. Miaka 15 nyuma, Marekani ilikuwa na chanjo ya kwanza ya ugonjwa huo, RotaShield, iliyoidhinishwa Agosti 1998. Kufikia Julai 1999 mfumo wao wa kupokea taarifa ulikuwa na watoto 15 waliopatwa na tatizo moja baada ya chanjo: kipande cha utumbo kujipenyeza ndani ya kipande kinachofuata. Mtoto hulia kwa vipindi akikunja miguu, hutapika, kisha hutoa choo chenye damu na ute. Asipotibiwa upesi, utumbo unakufa. Chanjo ilisimamishwa mwezi huohuo, na Oktoba kampuni ikaiondoa sokoni. Uchunguzi ulikuja kukadiria hatari hiyo kuwa mtoto mmoja katika takriban 10,000.

Hapa ndipo naona ugumu wa kweli wa kazi hii. Marekani rotavirusi iliua watoto wachache sana kwa mwaka, kwa sababu mtoto akiishiwa maji hospitali iko karibu. Duniani kote, makadirio ya mwaka 2008 yalikuwa vifo kama 450,000, vingi katika nchi kama yetu. Kwa mtoto wa Boston, kuiondoa RotaShield ilikuwa haki. Kwa mtoto wa Kasigau, aliye mbali na dripu, hesabu ilikuwa nyingine kabisa, lakini hakuna aliyekuwa tayari kumpelekea chanjo iliyokataliwa kwingine, na sidhani kama sisi wenyewe tungeikubali. Basi akasubiri. Rotarix na mwenzake RotaTeq zilijaribiwa kila moja kwa watoto zaidi ya 60,000 ili kuona kama utumbo utajipenyeza tena, na zikapata idhini kubwa mwaka 2006. Kenya ilipata mojawapo miaka minane baadaye.

Safari hii nchi saba za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo, ziliwatafuta hospitalini watoto wenye tatizo hilo la utumbo kuanzia 2012 hadi 2016. Walipatikana 717. Madaktari walilinganisha siku waliyougua na siku waliyopewa matone. Kama chanjo ndiyo kisa, wangerundikana katika siku chache baada ya dozi. Hawakurundikana. Huenda umri unachangia: kwetu dozi ya kwanza hutolewa katika majuma sita, wakati tatizo hilo bado ni nadra, ilhali RotaShield ilileta balaa zaidi kwa waliochelewa kuianza. Utafiti ulichapishwa 2018, na hatimaye swali lililozaliwa Marekani lilijibiwa kwa watoto wa Afrika.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, jirani yetu wa kaskazini alitupa somo la chupa kwa namna ya kutisha. Mei 2017, katika kijiji cha Nachodokopele, Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walikufa baada ya kampeni ya surua. Chanjo ya surua huja ikiwa unga, huchanganywa na maji yake, nayo pia ina saa sita tu. Kule kikosi cha wachanjaji wasiofunzwa, ambamo hata watoto wa miaka 12 walihusishwa, kilitumia bomba moja la sindano kwa siku nne mfululizo, na dawa haikuwekwa kwenye baridi. Watu kama 300 walichanjwa. 32 wengine waliugua wakapona. Wizara ya Afya ya nchi hiyo ilichunguza na kutangaza hadharani kosa lilikuwa wapi.

Tangu nisome habari hiyo naamini kwamba chanjo nyingi zinazodhuru huharibikia njiani na mikononi. Ndiyo maana kwenye chupa kuna alama ya duara lenye mraba ndani, na mraba ukishakuwa mweusi kama duara lake, dawa imepata joto, itupwe. Ndiyo maana bomba la siku hizi hujifunga baada ya kutumika mara moja. Vifaa hivyo vimeifanya Kapoeta kuwa ngumu kurudiwa Voi. Lakini hakuna kifaa kinachomlinda muuguzi anayeogopa kusema kwamba friji ilizimika usiku. Akijua kwamba taarifa yake itamletea barua ya kujieleza, atanyamaza, na fomu itabaki tupu. Kaunti yenye fomu sifuri kwa mwaka mzima haina chanjo salama kuliko jirani zake. Ina watu walionyamaza.

Kuna pia vifo ambavyo chanjo haikuvileta. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa Kenya wa 2022 ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 32 hufa kabla ya mwaka mmoja, na 21 kati yao ndani ya mwezi wa kwanza. Wanabaki 11 wanaokufa katika miezi kumi na moja inayofuata, kwa nimonia, kuhara, malaria na mengine. Sasa, mtoto huchanjwa katika majuma 6, 10 na 14. Ukichukua siku saba baada ya kila ziara, una siku 21. Kwa hesabu ya haraka, kati ya watoto 10,000 kama saba watakufa ndani ya siku hizo hata kama sindano ingekuwa na maji matupu. Kwa mama aliyefiwa Jumatano baada ya kliniki ya Jumatatu, hesabu hii haina faraja yoyote, na hatakiwi kutupiwa usoni. Anatakiwa afikiwe, asikilizwe, mtoto achunguzwe, chupa za bechi ile zikaguliwe, halafu aambiwe kilichoonekana. Akiachwa na kimya, atapata maelezo kwa jirani.

Kimya cha aina hiyo kiliigharimu Kenya mwaka 2014, maaskofu Wakatoliki walipodai kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake ilikuwa na homoni ambayo ingewafanya wasizae. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha, zikafuata vuta nikuvute za maabara na sampuli, na Agosti 2015 maaskofu wakawataka waumini wasusie kampeni ya polio. Taita ni nchi ya misheni kongwe. Wakatoliki wako Bura tangu 1892, na Waanglikana walishafika Sagalla kabla yao. Neno la askofu huko halipiti hivihivi. Sikubaliani na madai yale, wala ushahidi haukuyathibitisha, lakini maaskofu waliuliza swali ambalo raia ana haki ya kuliuliza: nani amepima, na matokeo yako wapi? Serikali iliyozoea kujibu mapema isingekutwa ikikimbizana na sampuli.

Julai 2025 nchi ilijaribiwa tena. Kuanzia tarehe 5 hadi 14 watoto wa miezi tisa hadi miaka 14 walichanjwa dhidi ya homa ya matumbo, na wadogo zaidi surua na rubela. Shabaha ilikuwa watoto zaidi ya milioni 19 kwa homa ya matumbo peke yake. Aina hiyo ya chanjo ilikuwa imeshajaribiwa Blantyre, Malawi, kwa watoto zaidi ya 28,000. Mitandaoni uvumi uliwaka, na baadhi ya wazazi walikataa. Chanjo hiyo sasa imeingia kwenye ratiba ya kawaida ya watoto, Voi ikiwamo.

Basi, mzazi, mtoto akishachanjwa kaa kliniki nusu saa kabla ya kuondoka. Mzio mkali huanza mapema na dawa yake iko hapo. Hakikisha namba ya bechi imeandikwa kwenye kijitabu cha Mama na Mtoto. Joto la usiku mmoja na paja gumu vitapita. Mtoto akipatwa na degedege, akilia bila kunyamaza kwa saa nyingi, akitoa choo cha damu, au paja likitunga usaha, mrudishe mara moja, taja siku aliyochanjwa, na usiondoke kabla muuguzi hajaijaza fomu. Ni haki yako, na haigharimu hata shilingi. Nawe msimamizi wa chanjo wa kaunti, ukiona kituo hakijaleta fomu hata moja mwaka mzima, kitembelee bila karipio na uulize friji yake inafanyaje kazi.